Maswali na Majibu: Vibarua Wamekwenda Wapi?

Msomaji wa Njoro: Nina ekari nne za viazi na ninalipa shilingi 300 kwa siku, lakini vijana hawaji ilhali wamejaa kituo cha bodaboda. Uvivu huu umetoka wapi?

Swali hili huletwa kila msimu wa kuvuna, na kwa kawaida mwulizaji huficha malipo. Wewe angalau umeyataja. Kijana unayemwita mvivu ataamka alfajiri, achimbe, ajaze magunia na kuyabeba hadi barabarani, kisha asubiri malipo hadi dalali atakapolipa. Tangu serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa ongezeko la thamani mwaka wa 2008, kijana huyo ana kazi ya bodaboda ya kulinganisha na yako. Ongeza malipo, tena uyatoe jioni ile ile. Ikiwa viazi haviwezi kugharimia hayo, mgomvi wako ni mnunuzi anayedai gunia lililojazwa kupita kilo 50 zinazoruhusiwa, si kijana wa kituoni.

Msomaji wa Ahero: Je, sheria za kima cha chini cha mshahara zinamhusu kibarua wa siku?

Ndiyo. Isitoshe, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, jambo ambalo waajiri wengi hulijua vizuri na ndiyo maana huwaachisha watu mapema.

Msomaji wa Kisumu: Inasemekana viwanda vya Uchina vinakosa wafanyakazi, ilhali nchi hiyo ina watu bilioni 1.4. Itawakosaje?

Idadi ya watu si idadi ya vijana wanaotafuta kazi. Mwanauchumi Arthur Lewis alieleza mwaka wa 1954 kwamba maadamu mashamba yana watu wa ziada, viwanda huwapata bila kupandisha mishahara. Ziada hiyo ikiisha, mishahara hupanda. Waajiri wa Guangdong, mkoa wa viwanda kusini mwa Uchina, walianza kulalamika kwamba wafanyakazi hawapatikani mwaka wa 2004, na kwa kuwa sera ya mtoto mmoja ilidumu kuanzia 1980 hadi 2015, mwaka wa 2012 idadi ya wenye umri wa kufanya kazi ilipungua. Kenya haijafika huko, kwa hiyo anayedai kwamba watu wamekwisha hapa aangalie kwanza anacholipa.

Msomaji wa Nakuru: Basi viwanda hivyo vitahamia kwetu?

Vingi vilikimbilia Vietnam na Bangladesh. Mshahara mdogo hauvuti kiwanda mahali ambapo umeme ni ghali.

Msomaji wa Kericho: Mishahara ikipanda, mashine hazitatupokonya kazi?

Zitawapokonya baadhi yenu, na asiyekiri hivyo anawadanganya. Mashine za kuchuma chai zilizochomwa huko kwenu mwaka wa 2023 hazikuzuia nyingine kununuliwa. Chama chenu cha wafanyakazi kijadili kabla ya mashine kufika: nani atafunzwa kuiendesha, na anayeondoka atapewa nini. Sheria hiyo ya 2007 inataka angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, na viongozi wanaotia sahihi kiwango hicho kitupu waulizwe walikwenda mezani kufanya nini.