Maswali ya Wasomaji: Waliochukua fomu ni utitiri, nani atapita?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, na kibandani kwangu siasa haziishi. Kila msimu wa kuteua mgombea urais tunawekeana dau la soda. Mwaka 2015 nilimshika Lowassa, nikanunulia kijiwe kizima. Je, kuna namna ya kumjua mshindi mapema? Na Wamarekani wao hubashirije?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, fundi. Mwaka ule mliomshika Lowassa mlikuwa wengi, na hesabu yenu ilikuwa na sababu. CCM walichukua fomu watu 42, wakarudisha 38. Kila mmoja alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Lowassa akaleta mamia ya maelfu. Sasa niambie, wadhamini hao walipiga kura wapi? Kamati Kuu ya chama ililikata jina lake kabla ya tano bora, yaani majina matano yanayopelekwa Halmashauri Kuu. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani naye, Mwenyekiti Kikwete akiwa mbele yao, lakini kwenye karatasi hayumo. Waliomo ni Membe, January Makamba, Migiro, Amina Salum Ali na Magufuli. Kambi mbili kubwa zilikuwa zimekamiana muda mrefu, na kwa ninavyosoma mimi, Magufuli alinufaika kwa kutokuwa na kambi: hakuna aliyekuwa na kisasi naye. Mkutano Mkuu ukampa asilimia 87.

Kwa hiyo swali la kwanza kijiweni lisiwe "nani anapendwa?" Liwe "nani ameshika chekeche, na matundu yake ni makubwa kiasi gani?"

Swali la pili: kuna duru ya pili? Hapa rudi mwaka 1995, kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mkutano Mkuu wa CCM, Dodoma, majina matatu yamebaki. Kikwete akaongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Aliyeishia kusoma matokeo hayo angeweka dau lote kwa Kikwete. Lakini hakuna aliyefikisha nusu, Msuya akatoka, ikapigwa tena: Mkapa 686, Kikwete 639. Kura za Msuya ndizo zilizoamua. Wagombea wakiwa wengi, usimwangalie tu anayeongoza. Waulize wafuasi wa yule wa tatu, mtu wao akitoka watakwenda wapi?

Wamarekani hawana Kamati Kuu ya kukata majina: wapiga kura wa kila chama huchagua jimbo kwa jimbo, na mgombea hukusanya wajumbe wa kumpigia kura kwenye mkutano mkuu wa chama. Majimbo mengi hayana duru ya pili. Ndiyo maana Trump aliwatoroka wabashiri mwaka 2016. Chama chake cha Republican kilianza na wagombea 17 wanaojulikana. Walipofika South Carolina, Trump alipata kiasi cha theluthi moja tu ya kura, Rubio na Cruz wakagawana kila mmoja asilimia 22 hivi, na Trump akazoa wajumbe wote 50 wa jimbo lile. Waliompinga walikuwa wengi, ila hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Chama kingine, Democrats, hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, mradi mgombea afikishe asilimia 15. Na mwaka 2020 wao walipishana: Biden alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, watu wakamzika. Aliposhinda South Carolina, Buttigieg na Klobuchar wakajitoa ndani ya siku chache na kumuunga mkono. Mchezo ukageuka.

Takwimu za maoni za miezi mingi kabla hunionyesha zaidi nani jina lake limezoeleka. Mimi sizitupi, ila dau siziwekei.

Wewe fundi, ukitaka kuokoa soda zako, ngoja tatu bora, majina matatu ya mwisho, itoke. Wenzako watakuita mwoga. Wakikulazimisha mapema, muulize kila anayebisha akutajie chaguo lake la pili, uandike. Jina litakalojirudia sana ndilo uliwekee, hata kama hakuna aliyelitaja la kwanza.