Re: Neti za bure zipo, mbona malaria haiishi?
Mkuu umeuliza kwanini huko kwenu Ruangwa, Lindi, kila nyumba ina neti ya bure afu malaria bado inarudi, na kama hiyo neti inasaidia pia kwenye matende na mabusha. Naanza na hilo la pili. Inasaidia ndio, minyoo ya matende inabebwa na mbu haohao wa malaria pamoja na wale wa vyooni na maji machafu, na wote wanauma usiku, ila minyoo mikubwa inaishi mwilini miaka 5 na zaidi kwahiyo zile dawa za kumeza za kampeni usizikimbie eti kisa unalala kwenye neti.

Sasa malaria. Kwa mtazamo wangu shida yetu huku kusini ni shambani bana. Mpunga ukikaribia kuiva watu wanahamia madunguni (vile vibanda vya shambani) kuwinga ndege na kufukuza nguruwe, mama na watoto wote wanalala huko wiki kwa wiki, neti imebaki kijijini inalinda kitanda kitupu! Tafuta ya kuhama nayo, ya duara ndo rahisi, kamba moja tu juu afu pindo unalichomeka chini ya mkeka.

Kufua tumia sabuni ya mche ya kawaida, anika kivulini maana jua linamaliza dawa ya kwenye neti, jiki usiguse kabisa. Ikitoboka shona. Ikichoka, mjamzito akienda kliniki anapewa mpya, na mtoto akipata chanjo ya surua hivyohivyo.