Kabla hujampelekea fundi picha ya Pinterest

Kitandani kwangu, upande wa miguuni, kuna pengo la inchi 8. Nimeliziba kwa blanketi lililokunjwa, na karibu kila asubuhi kitinda mimba wangu hulichomoa kutafuta kitu alichokidumbukiza humo. Pengo hilo nililinunua mwenyewe, kwa hela yangu, kutoka kwenye picha.

Ilikuwa hivi. Tulipohama chumba na sebule cha Tabata kwenda Kinyerezi, nilikuwa na ubao wa Pinterest, ule mtandao wa kukusanya picha ambako kila mkusanyiko unaitwa ubao, wenye picha zaidi ya mia nne. Niliukusanya kwa miaka miwili, usiku watu wakilala, bando likiruhusu. Nikaenda Keko, kwa mafundi wa samani, na picha ya kitanda kizuri ajabu, sehemu ya kichwani imejazwa sponji na kuvikwa kitambaa cha kijivu, na chini yake vipimo vimeandikwa kabisa: inchi 60 kwa 80. Fundi akaniuliza, "Dada, nifuate picha au nifuate godoro?" Nikamjibu bila kusita kwamba afuate picha. Inchi 60 si ndiyo futi 5? Na godoro langu si 5 kwa 6? Kumbe 60 kwa 80 ni kipimo cha Marekani cha kitanda wanachokiita queen, na godoro langu nilipolipima lilikuwa na urefu wa inchi 72. Fundi alifuata picha kama alivyoagizwa. Mninga mtupu, kazi safi, sina cha kumlaumu.

Pinterest sijaiacha. Ipo tangu 2010 na sijaona mahali pengine pa kukusanya picha za vitu vya ndani kwa urahisi ule. Nilichoacha ni kuitumia kama dirisha la duka. Siku hizi naitumia kama daftari, na daftari lenyewe linaanza na nyumba yangu.

Maana yake ni kwamba picha ya kwanza kwenye kila ubao ninaofungua naipiga mwenyewe kwa simu. Sebule tupu, na ubaya wake wote: ile soketi iliyokaa katikati ya ukuta, nondo za dirisha, tufe la taa linaloning'inia. Unaweza kupandisha picha zako mwenyewe, na ubao ukaufanya wa siri, usionekane na mtu mwingine, kwa hiyo hakuna wa kukucheka. Kwenye maelezo ya picha hiyo naandika vipimo. Urefu wa kila ukuta. Kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha. Mlango unafungukia upande gani. Na upana wa mlango, tafadhali, kwa sababu kochi haliingii kupitia ukutani. Jirani yangu alilazimika kuita mchomeleaji aje kung'oa geti la mlangoni ili makochi yapite, na siku hiyo mtaa mzima tulikuwa nje kutoa ushauri.

Ukishakuwa na picha ya chumba chako mwanzoni mwa ubao, zile nyingine zinaanza kujichuja zenyewe. Unabandika kochi la umbo la L, unarudi kutazama ukuta wako wa futi 9, unalitoa. Katika zile mia nne zangu, nilizoweza kuzijibia maswali matatu hazikufika thelathini: itakaa ukuta gani, ina futi ngapi, na nani atakuwa anaifuta vumbi. Hili la tatu liliondoa nyingi kuliko mengine yote. Mtaa wetu una barabara ya vumbi.

Jiko ndilo lililonifundisha zaidi. Angalia picha za majiko ya Pinterest kwa utulivu, kisha niambie mtungi wa gesi uko wapi. Haupo. Ndoo hazipo, madumu ya maji hayapo, pipa la akiba kwa siku maji yakikatika halipo, kinu hakipo, jiko la mkaa la kuchemshia maharage halipo. Picha nyingi tunazoletewa ni za nyumba ambazo gesi inakuja kwa bomba ukutani au wanapikia umeme. Ukinakili jiko lile, vitu vyako halisi vitabaki sakafuni katikati ya uzuri wote, na utakuwa unavijikwaa.

Kilichonisaidia ni jambo dogo tu: nilipokuwa natafuta, niliongeza neno India. Baadaye nikaongeza Kerala, jimbo la kusini mwa India, maana nako ni pwani, joto na unyevu kama wetu. Mambo yakabadilika. Kule wanapikia mtungi. Mtungi wao wa kawaida wa nyumbani ni wa kilo 14.2, wetu mkubwa ni kilo 15, kwa hiyo tatizo lao la kuuficha ndilo letu. Nikaona makabati yenye nafasi ya mtungi chini ya meza ya jiko, rafu za masufuria ya chuma, feni za dari, madirisha yenye nondo. Nyumba zinazofanana na za watu ninaowajua. Kabati langu la mtungi nililitoa huko, na kwenye mlango wake fundi akatoboa matundu chini kabisa, karibu na sakafu. Hilo la matundu usilipuuze: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, kwa hiyo tundu la juu peke yake halikusaidii.

Rafu za wazi zisizo na milango nazipenda, nakiri. Na si jambo geni kwetu, nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, tangu zamani, zimepangwa vyombo vya kaure vikapendeza. Ila zidaka zilikuwa ndani kabisa, mbali na barabara, kwenye kuta nene. Mimi rafu yangu ingekuwa mita mbili kutoka dirisha la jikoni, linaloangalia njia ya bodaboda. Nikaweka milango.

Kuna na hali ya hewa. Dar inaua vitu polepole. Mbao za kukandamiza, zile nyepesi zilizobandikwa karatasi ya kung'aa, zikipata maji ya kupigia deki kila siku zinavimba chini kama mkate uliochovywa chai. Ukizitaka, mwambie fundi aziinue kwa miguu ya chuma au plastiki, inchi nne hivi. Mabomba meusi ya sinki yanapendeza sana pichani. Nyumbani kwenye maji ya kisima chenye chumvi yanaota madoa meupe ndani ya wiki moja. Kochi jeupe sitalizungumzia. Wenye watoto mnajua.

Sasa turudi kwa fundi, kwa sababu huko ndiko pesa inakopotelea.

Zamani nilikuwa naenda na picha moja na kusema "nataka hiki hiki". Siku hizi naenda na picha mbili au tatu za kitu kimoja na kumwambia nachukua nini kwa kila moja: miguu ya hiki, droo za kile, na urefu ni huu niliouandika hapa. Vipimo namwandikia kwa futi na inchi, kwenye karatasi, mimi na yeye tukiwa na futikamba mkononi, kabla sijatoa advansi. Kama ni kitanda, nampa kipimo cha godoro lenyewe na sio jina la saizi. Kama ni kabati la chini la jiko, nampelekea kimo changu pia. Picha za Marekani nyingi zina meza ya jiko ya kimo cha inchi 36, na yangu ya kwanza niliinakili hivyo hivyo. Mama mkwe wangu ni mfupi, na alipokuja kukaa nasi alikuwa anakata mchicha mabega yamempanda masikioni. Meza nyingine, ya kuandalia, tukaifanya inchi 33.

Halafu msikilize. Kuna siku nilimwonyesha fundi meza ya tivii yenye droo tatu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo. "Dada, hii droo ya katikati inafunguka kwenda wapi?" Nikaangalia vizuri. Mguu wa meza ulikuwa umepita mbele ya droo. Na rafu ya juu ilikuwa inaelea, haijashikwa na kitu. Haikuwa picha ya meza yoyote iliyowahi kuwepo duniani. Ilitengenezwa na kompyuta. Picha za namna hiyo zimejaa siku hizi. Mwaka 2025 Pinterest walianza kuziwekea alama, lakini nyingine bado zinapita, kwa hiyo macho yako yafanye kazi: hesabu miguu ya kiti, fuata mstari wa mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, tazama kama milango ya kabati ina bawaba. Au mpe fundi aangalie. Mtu aliyeranda mbao miaka ishirini hadanganyiki haraka.

Nusura niingizwe mjini kwa njia nyingine pia. Kuna muuzaji mmoja mtandaoni, simtaji, aliyekuwa anauza kabati la viatu kwa bei ya kirafiki mno, analipwa nusu kabla. Picha yake niliipandisha Pinterest nikatafuta kwa picha badala ya maneno. Kabati lile lile, ukuta ule ule, hata lile ua kwenye chungu, likatokea kwenye mbao za Pinterest za watu wengi, na lilitoka kwenye tovuti ya ng'ambo. Nikamwandikia, "Kaka, naomba video ya hilo lililopo, weka na futikamba pembeni." Hajajibu hadi leo. Tangu hapo hata winga wa Kariakoo, wale madalali wa madukani, akinirushia picha WhatsApp naitafuta kwanza, ndipo napanda daladala. Wengi wao wana mzigo kweli, usije ukawaogopa wote; ila aliye na mzigo haoni tabu kurekodi video ya nusu dakika.

Mwisho kuna suala la haraka. Pinterest ikishajua umependa kapeti moja, itakuletea makapeti mia, na baadhi yake ni matangazo ya kulipiwa. Ukiwa na mshahara mkononi siku hiyo, ole wako. Mimi nimejiwekea sharti kitu kikae ubaoni mwezi mzima kabla sijakiulizia bei. Tulihamia Machi, masika ilikuwa inaanza. Kwenye ubao wangu wa wakati ule kulikuwa na kapeti la manyoya la sebuleni. Wiki ya pili ya mvua nilikuwa nimeshaelewa kwamba ninachohitaji ni sehemu ya kuvulia viatu vyenye tope mlangoni, mkeka wa plastiki na kamba ya kuanikia nguo kibarazani, vitu ambavyo sikuwa nimebandika hata kimoja. Kapeti likaondoka. Mkeka niliupata Kariakoo, na ndio watoto wanaolalia mchana.

Ubao wa sasa una picha kumi na moja. Pazia za chumbani ndizo zinazofuata. Dirisha nimeshalipima mara mbili, na natafuta kitambaa kizito cha mtumba pale Karume, Ilala. Godoro la inchi 80 wanaweza kunikatia kwa oda, nimeulizia, ila bei yake imenirudisha kwenye blanketi.