Haliburton "Ameweza" Kuumia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Morogoro, shabiki wa kufa na kupona wa kikapu cha Marekani, NBA. Zikifika fainali silali, maana mechi inaanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu. Hapa kijiweni tumebishana hadi tumenuniana. Mimi ile hatua inayofuata msimu wa kawaida naiita "mtoano", wenzangu wanasema ni "mchujo". Ubishi ulianza nilipokuwa nawasimulia fainali ya 2025: jinsi Tyrese Haliburton alivyoweza kuumia kano ya kisigino mchezo wa saba, Indiana Pacers wakaweza kufungwa, na Oklahoma City Thunder wakaweza kutwaa ubingwa. Naomba uweze kutuamulia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni mtoano. Ila usikimbilie kijiweni kutamba, kaa kwanza, kwa sababu barua yako ina kesi mbili na umeshinda ile ndogo.

Mtoano umetokana na kutoana: kitenzi toa na ile -ana ya watu kutendeana. Tupambane, mmoja amtoe mwenzake. Wenzako nadhani wanapinga kwa kuwa wamezoea soka, ambako ukifungwa unafungasha virago, ilhali NBA timu hupoteza mechi tatu na bado iko hai, mpaka mmoja afikishe ushindi wa nne. Hilo halibadilishi kitu. Mtoano haujali mmepigana raundi ngapi; unajali kwamba walioingia ni wawili na anayeendelea ni mmoja. Mchujo ni wa kuchuja, kazi ya kifumbu na tui la nazi: unamimina vingi, kinachofaa kinapita, machicha yanabaki. Na wenzako wasivunjike moyo, maana kitu cha namna hiyo kipo. Tangu msimu wa 2020/21, timu zilizoshika nafasi ya saba hadi ya kumi katika kila kanda hugombea nafasi mbili za mwisho kabla mtoano haujaanza. Huo uiteni mchujo, mwafaka upatikane.

Sasa njoo huku kwenye "alivyoweza kuumia".

Haliburton alifanya mazoezi gani mpaka akaweza? Alijaribu kuumia mara ngapi akashindwa? Maana mchezo wa kwanza wa fainali hizo hizo aliweza kweli: zimebaki sehemu tatu za kumi za sekunde, akatupa, ukaingia, Indiana wakashinda 111-110, timu ambayo usiku ule haikuwa imeongoza hata mara moja. Hapo sema ameweza, na upige mstari chini yake. Lakini tarehe 22 Juni, mchezo wa saba, kijana alikuwa keshatia mitupo mitatu ya pointi tatu katika robo ya kwanza, akakanyaga achomoke na mpira, kano ikakatika, akabaki chini anapiga sakafu kwa kiganja. Hakuweza kitu. Aliumia. Kitenzi hicho kina herufi saba na hakihitaji msaidizi.

Jambo linalonichoma zaidi ni hili. Nenda Unguja au Mombasa, umwulizie mtu kwao, wazee wakuambie "hawezi". Usiulize hawezi nini. Ni mgonjwa. "Siwezi leo" ndiyo naumwa leo. Kwa wenyewe wa pwani neno hilo likikanushwa tu, peke yake, bila nyongeza, ni ugonjwa kamili, umpelekee uji. Wewe umelichukua bila kulikanusha ukamwuguzia nalo mtu! "Haliburton hawezi" ni Kiswahili. "Haliburton ameweza kuumia" ni mgonjwa aliyefaulu mtihani.

Kuhusu asili yake sina mengi. -weza ni la Kibantu, halikushuka na jahazi lolote, na limezaa uwezo, wezesha na wezekana. Tangu enzi na enzi linadai mambo mawili: pawe na ugumu, na pawe na nia ya kuushinda. Ukitaka kujua kama linastahili kukaa kwenye sentensi yako, uliza: huyu alijaribu? Kama hakujaribu, litoe.

Simlaumu mwanangu wa Morogoro peke yake. Amelelewa na redio. Asubuhi moja nilikaa na kipindi cha michezo, kikombe cha chai mbele yangu na maharage ya kuchambua pembeni, nikawa natenga punje moja kila mtangazaji anapoweza. Chai haijapoa nina punje 17. Timu imeweza kuwasili. Kocha ameweza kuzungumza. Mechi imeweza kuahirishwa kutokana na mvua, ambayo nayo, bila shaka, iliweza kunyesha. Nikaacha kuhesabu, maana maharage yenyewe yalikuwa ya mchana.

Na haliishi uwanjani. Kwenye harusi tunaombwa tuweze kuketi. Kwenye msiba wa jirani yangu msoma wasifu alisimama na karatasi yake akatuambia kwamba marehemu aliweza kuugua kwa muda mfupi, akaweza kulazwa, na hatimaye akaweza kufariki dunia. Niliinamisha kichwa. Waliokuwa karibu walidhani nalia.

Lakini wewe ni mtu wa kikapu, tubaki kwenye kikapu, nikupe mfano ambao wasomaji wangu wa zamani wameuchoka na mimi sijauchoka.

Tarehe 19 Juni 2016, Oakland, mchezo wa saba wa fainali. Huku Golden State Warriors ya Stephen Curry na Andre Iguodala, walioshinda mechi 73 na kupoteza 9 tu katika msimu wa kawaida. Huku Cleveland Cavaliers ya LeBron James na Kyrie Irving. Ubao unasoma 89-89 na kwa karibu dakika tatu haujabadilika: Curry kakosa, LeBron kakosa, Irving kakosa. Imebaki dakika moja na sekunde hamsini hivi. Sasa sikiliza lugha yako inavyokimbia ikiachwa ikimbie:

Irving akajaribu, mpira ukagoma. Iguodala akaudaka, akachomoka nao, akampa Curry, Curry akamrudishia, akaruka auweke. LeBron akatokea nyuma, akaruka, akaubandika mpira ubaoni.

Unaiona ile -ka-? Ni hatua za miguu. Kila moja inasukuma inayofuata, msomaji hana pa kupumulia, na ndivyo ilivyokuwa usiku ule, hakuna aliyepumua. Wahenga wetu walituachia kiambishi cha kusimulia ngano na vita, na nakuapia kinafaa kwa kikapu kuliko kwa kitu kingine chochote kilichobuniwa tangu wakati wao. Sasa mkabidhi mtangazaji wetu tukio hilo hilo:

"Irving anaweza kukosa pale, Iguodala anaweza kuudaka, anaweza kumpatia Curry, Curry anaweza kumrudishia Iguodala, ambaye anaweza kuruka, na anaweza kuzuiwa na LeBron James."

Kabla hajamaliza, Irving wa kweli ameshatupa ile ya pointi tatu usoni kwa Curry, sekunde 53 zimebaki, 92-89, na ukumbi mzima umenywea. Si hivyo tu. Msikilizaji yuko gizani na redio yake, hana picha. Anaambiwa Iguodala "anaweza kufunga". Amefunga? Atafunga? Au ana kipaji cha kufunga lakini leo hajisikii? Sentensi inayopaswa kumwambia mtu kilichotokea inamwambia kinachowezekana kutokea. Mimi nimewahi kuruka kitandani kwa "anaweza kupata bao pale!" nikaja kugundua mpira ulikwenda kwa watazamaji.

Na huyo "ameweza kuzuiwa" ndiye adui yangu mkubwa. Kuzuia kuna uwezo, tena wa LeBron ulikuwa wa kutisha. Kuzuiwa kuna uwezo gani? Iguodala alipeleka mpira, akapokonywa matumaini. Ukimpa yeye -weza, LeBron umembakishia nini?

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka, mwanangu. Si kwamba nalichukia neno. Nalionea huruma. Cleveland walikuwa nyuma 3-1 katika fainali zile. Kabla yao, timu 32 zilikuwa zimewahi kufika fainali zikawa nyuma 3-1, na zote 32 zikapoteza. Wakashinda mchezo wa tano, wakashinda wa sita, wakaenda Oakland, LeBron akamaliza wa saba na pointi 27, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka), asisti 11 (pasi zilizozaa vikapu). Na dakika za mwisho, alipopewa mitupo huru miwili, wa kwanza akakosa, wa pili akatia, 93-89, ikawa imetoka. Mji ambao haukuwa umeona ubingwa wa timu yake kubwa yoyote kwa miaka 52. Hao WALIWEZA. Naandika kwa herufi kubwa, mhariri asinibadilishie. Sasa mtangazaji aliyekwisha kulitumia neno hilo kwa timu kuwasili hotelini atawalipa Cleveland kwa kitu gani?

Hata ukanushi una heshima yake. Zile dakika tatu za 89-89, timu zote mbili hazikuweza kufunga: zilijaribu, zikahangaika, zikashindwa. Sahihi kabisa. Lakini mchezaji aliyekaa benchi mechi nzima hakufunga, basi, usiniambie hakuweza.

Nina sehemu moja ninayolegeza kamba. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili kuingia NBA, na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Curry mwaka huo huo alikuwa wa saba. Nimesoma mara nyingi kwamba Thabeet "aliweza kuchaguliwa". Nasaga meno lakini napitisha, kwa kuwa najua mwandishi alikuwa anajisikia vipi, na mimi nilijisikia hivyo hivyo. Ningeomba tu uwezo uende kwenye kitenzi chake: aliweza kufika, akachaguliwa. Kuchagua walichagua Memphis.

Namsamehe nusu pia anayetangaza moja kwa moja. Mdomo wake unakimbizana na macho, na "anaweza ku-" inampa nusu sekunde ya kutafuta jina la mchezaji. Ni gongo la mlevi, halimpeleki popote lakini halimwangushi. Anayeandika, ambaye ana usiku mzima, kalamu na kifutio, huyo simsamehi hata robo.

Kwa kuwa nimeshawaka, niseme na la vikapu. Utasoma kwamba Michael Jordan wa Chicago Bulls aliwafunga Boston Celtics "vikapu 63" mwaka 1986, rekodi ya mchezo mmoja wa mtoano ambayo bado imesimama. Vikapu 63? Alitia 22, vyote vya pointi mbili, na mitupo huru 19, kila mmoja pointi moja. Zidisha, jumlisha: pointi 63. Hata ukihesabu kila mpira uliopita kwenye pete ni 41. Pointi ni pointi, au alama ukipenda, na kikapu ni kikapu. Chicago wakafungwa 135-131 baada ya nyongeza mbili, na vikapu 63 vingewatosha kushinda wakaenda kulala mapema.

Turudi kwetu. Unamkumbuka Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyetutoka mwaka 2024. Wewe pengine hukuwa umezaliwa mwaka 1994, alipokuwa Denver Nuggets, timu ya nane katika kanda yake, wakakutana na Seattle, timu ya kwanza. Raundi ya kwanza wakati huo ilikuwa ya ushindi wa mara tatu. Denver wakafungwa mbili za mwanzo, wakashinda tatu zilizobaki, na kabla ya hapo ilikuwa haijawahi kutokea wa nane kumtoa wa kwanza, na Mutombo akalala chali sakafuni ameukumbatia mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, anacheka kama mtoto. Baadaye akawa na kile kidole. Ukimletea mpira wako akiufyeka, alikuwa anakutikisia kidole kimoja mbele ya uso, kushoto, kulia. Ukumbi mzima, watu wa lugha zote, ulielewa kidole kile kinasema nini: huwezi. Neno moja. Mtangazaji wetu angekitafsiri "umeweza kutoweza".

Kwa hiyo kijiweni sema hivi: Haliburton aliumia, Indiana wakafungwa, Oklahoma City wakatwaa ubingwa. Ukitaka kuwapa Oklahoma City -weza moja kwa kazi ya michezo saba, wape, sitalalamika.

Na ule mstari wako wa mwisho, "naomba uweze kutuamulia". Mwanangu, uwezo wangu ulikuwa na shaka gani? Ungesema "tuamulie" ningeamua.