Baba ana Parkinson, na sasa akili inakwenda polepole

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68, aligundulika na Parkinson miaka sita iliyopita. Anatumia dawa za levodopa na benzheksoli. Siku hizi ukimwuliza kitu anachelewa kujibu, na hesabu za nyumbani alizokuwa akizifanya mwenyewe zinamshinda. Ndugu wanasema ni uzee tu. Je, ugonjwa huu unagusa na akili?

JIBU: Marahaba. Ndiyo, unagusa. James Parkinson, alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika kwamba akili hubaki salama, na kwa hilo hakuwa sahihi. Dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua katika ugonjwa huu, haihusiki na mwendo peke yake. Inahitajika pia katika kupanga mambo, kuhama kutoka wazo moja kwenda jingine na kushika mambo mawili kwa pamoja. Mwulize baba swali anapotembea, uone kama hasimami kwanza ndipo ajibu.

Jaribu na hili: mwulize nani alikuja jana. Akikwama, mtajie majina mawili. Akichagua lililo sahihi, kumbukumbu ipo, ila kuifikia ndiko kugumu. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa mwingine wa kusahau, kudokezewa hivyo mara nyingi hakusaidii. Basi mpe muda, swali moja moja, na msimmalizie sentensi. (Uso wake usiochezacheza nao huwadanganya watu wakadhani haelewi.)

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo benzheksoli. Inapunguza mtetemeko, lakini huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitegemea kwa kumbukumbu na umakini. Kwa mtu wa umri wake, mimi ningeanza hapo kabla ya kuulaumu ugonjwa. Msiikatishe ghafla, mwombeni daktari wake aipunguze kidogo kidogo. Apimwe pia sonona, usingizi, tezi ya shingo na vitamini B12. Ikithibitika ni dimenshia (kudhoofika kwa akili) ya Parkinson, ipo dawa ya rivastigmini, ambayo husaidia kwa kiasi.

Akichanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, hiyo si Parkinson kusonga mbele. Mpelekeni hospitali haraka: huenda ni maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya. Na akianza kuona watu wasiokuwepo, mtajieni kila mhudumu ugonjwa wake kabla hajachomwa sindano ya kumtuliza. Haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza, hufunga njia za dopamini, na inaweza kumkakamaza kabisa.