Leza kwa jicho vivu la mtoto

Mama Furaha, jambo. Kijana wako wa miaka 5 ana jicho vivu, nawe unauliza kama uuze kiwanja cha Kadutu afanyiwe leza. Tafadhali, usiuze! Leza hubadilisha umbo la konea tu, yaani kioo cha mbele cha jicho; hapa ubongo ndio umezoea kulipuuza jicho hilo. Tena jicho lake bado linakua, ndiyo maana leza kwa kawaida husubiri miaka 18.

Kinachosaidia ni miwani sahihi, kisha kuziba lile jicho jingine lililo zima, mara nyingi saa 2 kwa siku. Bandika kizibo kwenye ngozi, chini ya miwani, asichungulie pembeni, halafu umpe maharage achambue, ili jicho vivu lifanye kazi. Atalia mwanzoni, kaa naye. Idadi ya saa aipange daktari wa macho, maana kuziba kupita kiasi hudhoofisha lile zima. Mpeleke wiki hii.