Unaanzisha bendi? Usianze kwa kumsaka mpiga solo

Vijana wanaotaka kuanzisha bendi huniuliza wampate wapi mpiga gita la solo aliyekomaa. Mimi napiga besi, nimepitia bendi kadhaa za baa na hoteli hapa Dar, na huwaambia waachane na msako huo. Wakasikilize The Gun Club, bendi ya Marekani iliyochanganya panki na bluzi.

Jeffrey Lee Pierce aliianzisha bendi hiyo Los Angeles mwaka 1979. Mtu aliyemchukua kupiga gita, Brian Tristan, ambaye baadaye alijulikana kama Kid Congo Powers, gita hakulijua kabisa. Alikuwa shabiki tu, akiendesha klabu ya mashabiki wa bendi ya Ramones; Pierce naye aliendesha ya bendi ya Blondie. Pierce alimfundisha ujanja wa wazee wa bluzi: kutyuni gita ili nyuzi zikipigwa wazi, bila kubonyeza chochote, zitoe kodi moja, yaani sauti kadhaa zinazopatana zikilia pamoja. Jaribu leo. Ukihesabu kutoka ule mwembamba, legeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja toni moja, utapata kodi ya G. Laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, kipandishe na kukishusha, tayari una wimbo. Nilimwonyesha hivyo kijana aliyekuwa akitubebea spika, na kabla mazoezi hayajaisha alikuwa ameshika gita la rizimu.

Aliyekomaa huja na vidole vilivyozoea nyimbo za watu. Ukimwambia apige vibaya kwa makusudi, anaona unamdhalilisha.

Ila msidhani Pierce aliwadharau wazee. Katika albamu ya kwanza, Fire of Love ya 1981, kuna wimbo wa mzee wa bluzi Robert Johnson, Preaching the Blues, lakini unakwenda kwa kasi ya panki, ile roki ya fujo, kama unafukuzwa. Sisi wa hotelini tunalipwa wimbo ufanane na kaseti. Nyinyi hamjaanza hata kulipwa, sasa mnamwogopa nani?

Kufikia albamu hiyo, Kid Congo alikuwa ameshahamia bendi nyingine, The Cramps, na gita alilishika Ward Dotson. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kwetu mtu akihama bendi hutungiwa wimbo wa vijembe, na deni lake ndiyo basi tena. Kid Congo alirudi, akapiga kwenye The Las Vegas Story ya 1984. Baadaye akawa na bendi ya Nick Cave and the Bad Seeds, na bado yumo kwenye albamu ya Gun Club, Mother Juno ya 1987, iliyorekodiwa Berlin. Kwa hiyo anayeondoka mlipeni chake chote siku hiyo hiyo, na namba yake msiifute. Hata mkiwa mmenuna.

Albamu ya pili, Miami ya 1982, ilitengenezwa na Chris Stein, mpiga gita wa Blondie. Yaani kiongozi wa mashabiki alifika studio na aliyekuwa akimshabikia. Mimi sauti ya albamu hiyo naiona nyembamba, besi imezama mno (mpiga besi atasema nini kingine?), lakini nyimbo zenyewe ni nzito.

Utajiri hawakuupata. Ulaya iliwapenda kuliko kwao, na Pierce aliishi London kwa miaka. Kama mtaani kwenu hamsikilizwi, rekodini hata kwa simu, mtume mbali, maana msikilizaji wenu huenda yuko mji msioujua.

Pombe na dawa za kulevya zilimwandama Pierce miaka mingi. Alifariki 1996 akiwa na miaka 37. Sitawahubiria. Nasema tu kwamba baa nyingi hupenda kuilipa bendi changa kwa bia, na chupa zinazofika stejini hazihesabiwi na mtu. Kabla ya kufunga vyombo, kubalianeni na meneja kuhusu chakula, nauli ya kurudi usiku na fedha taslimu. Akisema bia zipo, mwambieni awauzie wateja.